Komoro: Nyota Nne, Visiwa Vingapi?



 Wiki hii safu yetu inaanza kwa kukiri kosa. Kosa lenyewe tulilifanya hadharani, mbele ya watoto, kwa hiyo haifai likasahihishwe kwa siri.

Wakati wa likizo iliyopita, kamati ya msikiti wetu hapa Ilongero iliandaa chemsha bongo kwa wanafunzi wa madrasa. Maswali tuliyatunga sisi, kwa kuwa kazi zote za karatasi huishia mezani kwa katibu. Baada ya maswali ya tajwidi, sira na nguzo za udhu, tuliweka fungu moja la nchi ndogo za dunia, mambo ambayo wasomaji wa ukurasa huu wamekwisha kuyazoea. Tuliuliza ni nchi gani imezungukwa pande zote na Afrika Kusini, na watoto wakajibu kwa sauti moja kuwa ni Lesotho. Tuliuliza juu ya Maldivi, nchi ya Kiislamu yenye visiwa zaidi ya elfu moja katika Bahari ya Hindi, ambayo ardhi yake yote ukiikusanya ni kilomita za mraba 300 hivi. Tuliuliza hata juu ya San Marino, jamhuri iliyomo ndani ya Italia.

Swali la mwisho lilikuwa hili: "Nchi ya Komoro ina visiwa vikubwa vingapi?" Kundi la wavulana likaandika vitatu. Kundi la wasichana likaandika vinne. Karatasi yetu ya majibu ilisema vitatu, na kwa tofauti ya alama moja wavulana wakachukua zawadi ya mikoba ya shule. Binti mmoja, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja hivi, akanyoosha mkono akasema, "Lakini ustadhi, bendera yao ina nyota nne." Tukamjibu kwamba muda umekwisha.

Usiku ule, baada ya sala ya Isha, mzee mmoja wa safu ya kwanza alitushika mkono tukiwa tunavaa viatu. Mzee huyu aliishi Unguja ujanani, akapanga chumba katika nyumba ya Wangazija. Akatuambia kwa upole, "Katibu, mwanangu, yule mtoto umemdhulumu. Nenda kasome kwanza, kisha tuzungumze." Tulikwenda, tukasoma. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunayaleta mbele ya familia zenu kama tulivyoyaleta mbele ya watoto wetu.

JIRANI TUSIYEMJUA

Komoro iko katika Bahari ya Hindi, kwenye mlango wa kaskazini wa Mlango wa Msumbiji, kati ya pwani ya Msumbiji na kaskazini mwa Madagaska. Jina lake linatokana na neno la Kiarabu qamar, yaani mwezi. Kutoka Dar es Salaam hadi Moroni, mji mkuu wake, ni kilomita zipatazo 700 kwa njia ya anga. Msomaji wa hapa kwetu azingatie kwamba safari ya basi kutoka Singida mjini hadi Dar es Salaam nayo ni karibu kilomita hizo hizo. Basi jirani huyu hayuko mbali nasi kama tunavyodhani.

Visiwa vikubwa vya funguvisiwa hilo ni Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte. Ngazija, Nzwani na Mwali kwa pamoja vina kilomita za mraba 1,862. Mkoa wetu wa Singida una takriban kilomita za mraba 49,000. Kwa hesabu hiyo, nchi nzima inayotawaliwa kutoka Moroni ingeingia ndani ya mkoa wetu zaidi ya mara 25.

Juu ya Ngazija umesimama mlima Karthala wenye mita 2,361, nao ni volkano iliyo hai. Kisiwa hicho hakina mito ya kudumu, kwani ardhi yake ya mawe ya volkano hunywa mvua mara tu inaponyesha, na watu wengi hutegemea maji ya mvua yaliyokingwa katika matangi. Karthala ulipolipuka mwaka 2005, majivu yaliingia katika matangi hayo na kuharibu maji ya maelfu ya watu. Sisi wa Singida, tunaolima mtama na alizeti huku macho yetu yakiwa mawinguni, hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mazao yao ya biashara ni vanila, karafuu na mlangilangi, ua ambalo mafuta yake huingia katika manukato ya gharama kubwa ya Ulaya.

Lugha ya wenyeji, Shikomori, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wimbo wao wa taifa unaitwa "Udzima wa ya Masiwa", yaani Umoja wa Visiwa. Msomaji wa Kiswahili akilitamka jina hilo polepole mara mbili, maana itaanza kumjia yenyewe.

Vijana wetu wanaopenda mpira huenda waliisikia Komoro kwa mara ya kwanza Januari 2022, katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Kamerun. Nchi hiyo ilikuwa inashiriki kwa mara ya kwanza, nayo ikaifunga Ghana mabao 3 kwa 2. Katika mchezo uliofuata dhidi ya wenyeji walibaki bila mlinda mlango hata mmoja aliyeweza kucheza, wakamvisha glavu beki wao, Chaker Alhadhur, wakafungwa 2 kwa 1 tu. Timu hiyo hubeba jina la samaki wa kale aitwaye silakanti. Wataalamu walidhani samaki huyo alitoweka mamilioni ya miaka iliyopita, hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Walipomtafuta wa pili kwa miaka kumi na minne, alipatikana Nzwani mwaka 1952, na ikabainika kuwa wavuvi wa Komoro walikuwa wakimvua siku zote na wana jina lao la kumwita, gombesa. Kumbe aliyetoweka katika vitabu alikuwa hajatoweka baharini.

DENI LA ELIMU

Jambo lililotufedhehesha zaidi si hesabu ya visiwa. Ni kwamba tumesoma miaka kadhaa katika chuo cha Kiislamu, tukayataja majina ya maulamaa wa pwani katika darsa baada ya darsa, wala hatukujiuliza majina hayo yalitoka wapi.

Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumeit, kadhi na mwanachuoni mkubwa wa Zanzibar, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Baba yake alitoka Hadhramaut. Ujanani Sayyid Ahmad alikuwa nahodha wa jahazi, kisha akaizamia bahari ya elimu. Alifariki Zanzibar mwaka 1925, wakati ambapo fatwa zake zilikuwa zikifuatwa katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mwanawe, Sayyid Omar bin Sumeit, naye alizaliwa Ngazija, mwaka 1886, akawa kadhi mkuu wa Zanzibar, na akafariki mwaka 1976. Sheikh Burhan Mkelle, aliyeishi kati ya 1884 na 1949, alikuwa mwenye asili ya Ngazija. Alifundisha Kiarabu Zanzibar na akaandika historia ya visiwa vya wazee wake. Na tariqa ya Shadhiliya ilienea katika pwani yetu kwa juhudi za Sayyid Muhammad Maarufu wa Moroni, aliyefariki mwaka 1905.

Walimu wetu walisoma kwa watu waliosoma kwa watu hawa. Elimu ilivuka bahari, ikashuka Unguja, ikapanda bara pamoja na misafara na baadaye na reli, mpaka ikafika katika vijiji vya Unyaturu. Mtoto wa Ilongero anayesoma leo fiqhi ya Imamu Shafii chini ya mwembe anakula tunda ambalo mmoja wa wapandaji wake alikuwa mtu wa kisiwa cha mawe meusi kisicho na mto.

NYOTA YA NNE

Sasa turudi kwenye swali la binti yetu. Bendera ya Komoro ina mwezi mwandamo na nyota nne juu ya kijani, na milia minne: manjano, nyeupe, nyekundu na buluu. Kila nyota na kila mlia ni kisiwa. Nyota ya nne ni Maore, na katika nyota hiyo ndimo ulimo mgogoro wote.

Ufaransa iliipata Maore kwanza, mwaka 1841, kwa mkataba na Sultani Andriantsoly. Visiwa vingine vitatu viliwekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa mwaka 1886, mwaka uleule ambao Waingereza na Wajerumani walikaa mezani wakaukata utawala wa Sultani wa Zanzibar, wakamwachia ukanda wa maili kumi wa pwani. Baadaye vyote vinne vikatawaliwa pamoja.

Harakati za kudai uhuru zilipoanza, sehemu yake iliendeshwa kutoka nchini kwetu. Chama cha ukombozi cha MOLINACO, kikiongozwa na Abdou Bakari Boina, kilikuwa na makao yake Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Tarehe 22 Desemba 1974 wananchi wa visiwa vyote wakapiga kura. Kwa jumla, zaidi ya watu 94 katika kila 100 walitaka uhuru. Lakini ndani ya Maore peke yake, karibu 64 katika kila 100 waliukataa.

Hapo ndipo swali letu la watoto lilipokuwa swali la mataifa. Je, kura zihesabiwe kwa pamoja, au kila kisiwa kihesabiwe peke yake? Ufaransa ilishika hesabu ya pili. Bunge la Komoro, chini ya Ahmed Abdallah, likatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975. Tarehe 12 Novemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kuwa mwanachama, na azimio lenyewe likataja visiwa vyote vinne. Februari 1976 Ufaransa ikatumia kura yake ya turufu katika Baraza la Usalama kuzuia azimio juu ya Maore, na siku chache baadaye watu wa Maore wakapiga kura tena na kuchagua kwa wingi mkubwa kubaki. Mwaka 2011 kisiwa hicho kikawa mkoa kamili wa Ufaransa.

Uadilifu unatutaka tuseme pia upande wa watu wa Maore. Wao nao ni Waislamu kwa wingi wao, na hawakuchagua hivyo kwa kuuchukia udugu. Waliogopa kumezwa na visiwa vikubwa. Waliona mji mkuu ukihamishwa kutoka Dzaoudzi, kwao, kwenda Moroni. Kisha wakaitazama Komoro huru ikipinduliwa chini ya mwezi mmoja baada ya uhuru, na mamluki wa Kifaransa Bob Denard akiingia na kutoka kama mwenye nyumba hadi mwaka 1995. Mwaka 1997 Nzwani nacho kilijitangazia kujitenga, na umoja ukarekebishwa kwa mapatano ya Fomboni ya mwaka 2001. Machi 2008 askari wa Tanzania na Sudan, kwa jina la Umoja wa Afrika, walitua Nzwani pamoja na jeshi la Komoro kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyekataa kuachia madaraka. Bacar alitoroka kwa mashua. Alikimbilia Maore.

Njia hiyo ya mashua ndiyo inayotufanya tuandike. Kutoka Nzwani hadi Maore ni kilomita 70 tu. Kwa karne nyingi watu walivuka kuoa, kuzika na kuuza mbuzi. Mwaka 1995 Ufaransa iliweka sharti la viza kwa Mkomoro anayekwenda Maore. Tangu hapo wasio na viza huvuka usiku kwa mashua ndogo zinazoitwa kwasakwasa, zimejaa kupita kiasi, wakitafuta hospitali, kazi, au mama aliyetangulia. Maelfu wamezama. Kimbunga Chido kilipoipiga Maore tarehe 14 Desemba 2024, vibanda vya mabati vya maskini vilifagiliwa kwa wingi, na ziliripotiwa habari za watu walioogopa kukimbilia makazi ya dharura kwa sababu hawakuwa na karatasi.

Tujipimie wenyewe. Wilaya ya Singida ilipogawanywa, Ikungi ikawa wilaya yake. Mipaka ilichorwa, ofisi zikahama, na hapa Ilongero tulikuwa na mengi ya kusema juu yake. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyehitaji viza kwenda kumzuru shangazi yake Ikungi, wala aliyezama njiani kwa kwenda kumzika kaka yake. Mpaka wetu ulibaki kuwa mstari wa kiofisi. Wa wenzetu ulikuwa kaburi la maji.

TULIVYOAMUA

Baada ya kusoma hayo tulirudi kwa mzee. Tukamweleza kwamba wavulana nao hawakukosea, kwa kuwa serikali ya Moroni inatawala visiwa vitatu. Akacheka. "Basi wote wamejibu," akasema. "Aliyekosea ni muulizaji."

Na hivyo ndivyo ilivyo. Mwenye kuuliza ni visiwa vingapi vinavyotawaliwa kutoka Moroni, jawabu lake ni vitatu. Mwenye kuuliza ni vingapi nchi hiyo inavyodai kuwa vyake, na Umoja wa Mataifa ulivyovitaja ulipoipokea, jawabu lake ni vinne. Sisi tuliuliza swali moja lenye maana mbili, tukaweka jawabu moja, kisha tukamnyamazisha aliyetuonesha nyota ya nne. Kwetu kosa la kwanza ni la elimu, nalo hupona kwa kusoma. La pili ni la tabia, na ndilo lililotuuma zaidi.

Siku ya Ijumaa baada ya sala ya Maghrib tuliwakusanya watoto wote, tukawaeleza kosa letu na tukamwomba binti yule radhi. Fedha za msikiti ni amana na hazikuchangwa kwa kulipia makosa ya katibu, kwa hiyo mikoba ya wasichana tuliinunua kwa fedha zetu. Binti alipopokea wake akauliza, "Ustadhi, sasa watu wa Maore wao wanasema ni vingapi?" Safari hii hatukumwambia kuwa muda umekwisha. Tulikaa naye pamoja na wenzake mpaka adhana ya Isha.

Wazazi wenzetu, Surat al-Hujuraat aya ya 13 inatufundisha kuwa tumejaaliwa mataifa na makabila ili tupate kujuana. Kujuana si kukariri majina ya miji mikuu na idadi ya visiwa. Ni kujua kwamba nyuma ya kila tarakimu iko familia inayosubiri mtu ufukweni. Nchi ikiwa ndogo katika ramani, haiwi ndogo kwa mama aliyemzaa mwana ndani yake. Basi mtoto akikuuliza juu ya watu wa mbali, usimpe jawabu la haraka ili akuache ule. Na akikuonesha nyota usiyoiona, tazama kwanza anakoelekeza kidole.

MASWALI YA MKEKANI

Baada ya chakula cha jioni, wazazi wawaulize watoto, kisha watoto wawaulize wazazi:

1. Milia minne ya bendera ya Komoro ina rangi zipi, nayo inasimamia nini?
2. Ni mwanachuoni gani wa Zanzibar aliyezaliwa Itsandra mwaka 1861?
3. Wavuvi wa Komoro walimwitaje samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka?
4. Chama gani cha ukombozi wa Komoro kilikuwa na makao yake Dar es Salaam?
5. Komoro ina visiwa vikubwa vingapi? Swali hili lisijibiwe kwa tarakimu peke yake. Mwenye kujibu aeleze anahesabu kwa kigezo gani, na mwenzake apewe nafasi ya kuhesabu kwa kigezo kingine.

Tunamwomba Allah (SWT) awarehemu waliozama katika mlango ule wa bahari, awaunganishe waliotenganishwa, na atujaalie kuwa wepesi wa kusahihishwa. Amin.